Sofa za Mke wa Dereva

Simu iliita Fundi akiwa juu ya ngazi, rola mkononi, anapaka dari la tajiri mmoja aliyeshindwa kuchagua kati ya rangi nyeupe na nyeupe nyingine. Namba ilikuwa ngeni. Namba ngeni kwa kawaida huwa ni mdai, kwa hiyo aliiacha ikaita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Akajifuta kidole kwenye suruali akapokea.

"Hapa ni Mfuko wa Ufadhili wa Wanafunzi. Wewe ndiye mzazi wa mwombaji?"

Fundi alishuka ngazi kwanza. Kuna watu huwezi kuongea nao ukiwa umening'inia.

"Shikamoo," akasema, ingawa sauti ilikuwa ya kijana wa kumzaa mwenyewe. Na kijana, bila haya, akaitikia marahaba.

"Tunakuja kuwatembelea nyumbani leo alasiri. Mtakuwepo?"

"Leo! Karibuni sana. Karibuni mno, nyumbani ni kwenu."

Binti yake wa pekee, ambaye yeye humwita Profesa tangu alipoanza kumsomea maandishi ya makopo ya rangi, alikuwa amefaulu na kupata nafasi ya chuo kikuu. Nafasi bila ada ni kama harufu ya chakula cha jirani, unaivuta puani na unalala njaa. Sehemu ya kwanza ya ada ilitakiwa kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo nafasi apewe mwingine, na hata hiyo sehemu ya kwanza Fundi na mkewe hawakuwahi kuishika mkononi kwa mara moja tangu waoane. Tegemeo lilikuwa huo Mfuko. Profesa aliomba, akajaza yote yaliyotakiwa, kisha akawaambia wazazi wake kwamba watu wa Mfuko watapita nyumbani kuwafahamu.

Kuwafahamu! Ndivyo alivyosema, na msimlaumu haraka. Alijua fika kwamba watu wale huja kukagua kama umaskini wako ni wa kweli. Lakini utamtazamaje baba yako usoni umwambie, Baba, kuna watu watakuja kupima shida zetu? Ulimi ulimkatalia. Akachagua neno laini, akaenda zake kibaruani kuosha vyombo kwenye mgahawa mmoja ambako simu haziruhusiwi.

"Bosi, nina dharura," Fundi alimwambia tajiri wa dari.

"Ukiondoka na dari langu nusu, usirudi."

Fundi akaondoka.

*

Mkewe, Mama Profesa, alikuwa karoni anafua mashuka ya watu, povu hadi kwenye viwiko.

"Leo? Leo hii hii?"

"Leo hii hii. Sasa niambie, wageni wanaotaka kumsomesha mtoto wetu watakaa juu ya nini? Juu ya ndoo?"

Wakaingia ndani wote wawili, wakasimama wakaitazama sebule yao kana kwamba ni ya mtu mwingine. Mkeka mmoja. Kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya. Ukuta wa huyu fundi rangi anayesifiwa mjini kote ulikuwa umebambuka mpaka matofali yanachungulia, maana kinyozi hajinyoi.

"Tuwaeleze tu hali yetu," mama akasema. "Si wanajua sisi ni watu wa chini?"

"Mke wangu, hujui dunia. Duka la pale kona linamkopesha nani? Anayekwenda na viatu vimepigwa rangi. Mimi nikienda na ndoo yangu naambiwa chumvi imekwisha. Mtu hampi pesa anayenuka shida. Wakikuta mkeka, watasema hawa hata wakisaidiwa watazama na msaada wenyewe. Na isitoshe, mgeni ni mgeni. Huwezi kumkalisha mtu wa ofisi chini."

Maneno hayo yalimwingia mama, tena sana, kwa sababu na yeye alikuwa na haya zake. Akajifuta povu akaenda kugonga mlango wa pili.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa Mke wa Dereva. Mumewe huendesha lori la masafa marefu, hurudi mwisho wa wiki, na kila akirudi haji mikono mitupu. Sebule yake ndiyo ilikuwa sinema ya wapangaji wote. Mama Profesa alikwenda kuazima viti viwili tu na bilauri.

"Viti viwili vya nini?" Mke wa Dereva akang'aka. "Wageni wa elimu hao! Chukua sofa zote, mwenzangu. Chukua na meza yake. Tivii je? Chukua. Friji chukua, ukiwapa soda ya moto watakuonaje?"

"Jamani, na nyinyi mtakaa wapi?"

"Mimi na mwanangu tutakaa popote. Tena vikae huko huko kwanza, msihangaike kuvirudisha. Nataka kupiga sakafu upya, vitaniletea usumbufu humu. Zulia umeliona? Na pazia, usisahau pazia!"

Yeye na mwanawe, kijana mpole aliyemaliza shule mwaka mmoja na Profesa, wakasaidia kubeba. Sofa kubwa iligoma mlangoni. Fundi akaung'oa mlango kwenye bawaba zake, sofa ikapita, mlango ukarudishwa. Mama Profesa machozi yalimlengalenga. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, alisema, na akamshika Mke wa Dereva mkono kwa mikono yake yote miwili.

Wakati huo Fundi alikuwa ameshapanga makopo yake ya mabaki. Kwenye rangi ndipo Fundi alipokuwa kwao. Akaziba mashimo kwa puti, akapaka ukuta mzima rangi ya maziwa iliyobaki kwenye nyumba ya hakimu, akabandika utepe, akapitisha mistari miwili ya dhahabu iliyobaki hotelini. Mistari ilinyooka kama imechorwa na mashine. Kufikia alasiri chumba kilikuwa kinang'aa na kinanuka rangi mbichi, na Fundi akavaa shati lake la harusi za watu.

*

Walikuja wawili. Mmoja mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, mwingine yule kijana wa marahaba, na tableti yake. Mama wa Miwani alisimama mlangoni, akarudi nyuma hatua, akatazama tena namba ya nyumba.

"Hapa ndipo kwa mwombaji?"

"Ndipo! Piteni, piteni, msivue viatu."

Wakazama kwenye sofa. Soda zikatoka kwenye friji zikiwa zimetoa jasho. Tivii ilikuwa inaongea yenyewe kona. Kijana akapiga chafya, mara ya pili, mara ya tatu.

"Naona mmekarabati hivi karibuni," Mama wa Miwani akasema huku akitazama mistari ya dhahabu.

"Aa, huwa tunagusagusa tu," Fundi akajibu, akikunja miguu.

"Rangi kama hii si ya bei ndogo."

"Kizuri gharama, mama."

Kijana akaandika.

"Na friji mnalo siku nyingi?"

Hapo, jamani, hapo Fundi angeweza kusema kweli. Nafasi ilikuwa wazi kabisa. Lakini mtu akishamkaribisha mgeni kwenye sofa hawezi tena kumwambia kwamba sofa si yake. Mgeni mwenyewe ataona aibu. Basi akasema, "La siku nyingi kidogo." Mkewe akaongeza, ili kumsaidia mumewe, kwamba maji ya baridi ni afya. Kijana akaandika na hilo.

Profesa aliwakuta hivyo. Alirudi kibaruani amechoka, aproni imelowa, akaufungua mlango wa kwao akadhani amekosea nyumba. Aliona pazia la jirani. Akaona zulia la jirani. Akamwona baba yake amekaa pembeni ya sofa ya jirani kama bwana harusi, na mbele yake watu wawili wenye vitambulisho vya Mfuko vinavyoning'inia kifuani.

"Profesa wetu huyo!" Fundi akasema kwa sauti ya furaha. "Njoo uwasalimie wageni."

"Shi... shikamooni."

"Marahaba, binti. Kumbe mnaishi vizuri," Mama wa Miwani akasema, na hakuwa anamsuta, alikuwa anasema alichokiona.

Profesa akafungua kinywa. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Mama, hivi vitu si vyetu. Ni hayo tu ilipaswa ayaseme. Akamtazama baba yake aliyekuwa anatabasamu kwa meno yote, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, rangi ya dhahabu imebaki kwenye sikio. Akaona kwamba akilisema, atakuwa amemvua nguo mbele ya watu. Akalimeza.

Wageni walipoondoka, Fundi alipiga makofi mara moja. "Umeona walivyofurahi? Umeona?"

"Baba, umefanya nini?"

"Nimefanya nini vipi?"

"Baba! Walikuja kuona umaskini wetu! Wanampa pesa yule asiyenacho. Walikuja wahakikishe kwamba hatuna!"

Tivii peke yake ndiyo iliyokuwa inacheka kona.

"Nani," Fundi akauliza polepole, "nani duniani anayekuja kwa mtu kumtazama umaskini wake?"

"Hao, Baba. Hao ndiyo kazi yao."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa mbona ulisema wanakuja kutufahamu?"

Mama akaenda akaizima tivii, lakini hakujua kitufe, akachomoa waya ukutani. Wakakaa wote watatu juu ya mkeka, kwa sababu hakuna aliyetaka tena kuigusa ile sofa.

*

Vitu havikuondoka. Mama Profesa alikwenda kesho yake kumwambia jirani aje kuchukua mali yake, akaambiwa asubiri, fundi wa sakafu hajapatikana. Wiki ikapita, sakafu haijapigwa. Profesa akawa analala kwenye sofa kwa kukosa pa kutandika.

Simu ya Mfuko ilikuja Profesa akiwa nyumbani. Ombi limekataliwa kwa sababu hali ya familia ni nzuri. Alilia mpaka sauti ikaisha, kisha akapiga tena na kuwasihi, na yule kijana wa tableti, aliyekuwa na utu wake kumbe, akamwambia kuna rufaa. Aje na mzazi, aje pia na mwenye vitu, athibitishe kuwa ni vyake. Wakimwamini, jina lake litarudishwa.

"Basi si rahisi hilo!" Fundi akaruka. "Jirani yetu si yupo hapo tu?"

Mama Profesa akaenda, safari hii na sabuni mpya ya kipande kama zawadi. Akarudi nayo.

"Amekataa."

"Amekataa nini?"

"Amesema yeye na maofisi hawaivi chungu kimoja. Kisha akasema kichwa kinamuuma. Kisha akasema ana safari. Nikamwambia dakika chache tu, shoga, aseme sofa ni zake basi. Akanifungia mlango, tena taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto."

"Huyo huyo aliyetupa mpaka pazia?"

"Huyo huyo."

Walishangaa, lakini mshangao wenyewe ulikuwa bado mchanga.

*

Asubuhi ya rufaa Fundi na Profesa walikwenda peke yao. Ofisi za Mfuko zilikuwa na korido ndefu, mabenchi pande zote mbili, na ukutani bango kubwa lililoonya kwamba atakayetoa habari za uongo atashtakiwa na kufungwa. Picha ya pingu ilichorwa kabisa, kwa wasiojua kusoma. Fundi alilitazama bango kwanza kama fundi, akaona rangi imepakwa vibaya pembeni, kisha akalitazama kama mzazi, akasogea mbali nalo.

Karani akatoa kichwa mlangoni. "Yule mama mjane na kijana wake! Msiondoke, imebaki saini ya mwisho."

Kutoka benchi la mwisho akanyanyuka mwanamke mwenye gauni jeusi lililopauka na kitambaa cheusi kichwani. Hereni hazipo. Viatu ni ndala. Alikuwa Mke wa Dereva. Na pembeni yake alikuwa mwanawe, kijana mpole, ameinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua.

"Mjane?" Fundi akanong'ona, mikono juu ya kichwa. "Masikini! Dereva amekufa lini? Mbona hatukuambiwa tukazike?"

"Baba, Dereva alilala kwake Jumapili. Si ndiye aliyekupa betri za tochi?"

"Ndiye. Sasa huyu ni mjane wa nani?"

Profesa alisimama katikati ya korido, mkono mdomoni. Ilimjia yote kwa pamoja. Chukua sofa. Chukua friji. Usisahau pazia. Msihangaike kuvirudisha. Kumbe kijana yule naye aliomba, na watu wa Mfuko walipita pia mlango wa pili, siku yake, nao wakakuta sebule tupu, mama na mwana wamekaa sakafuni, na baba amezikwa kwa kalamu. Utajiri wote wa mlango wa pili ulikuwa umehifadhiwa kwa kina Profesa, nao wakashukuru kwa mikono miwili.

"Alitufanya stoo, Baba," akasema. "Tulikuwa stoo yake!"

Fundi alimtazama Mke wa Dereva. Mke wa Dereva akamwona, akashtuka kama aliyeguswa na umeme, akaketi tena. Hakuna aliyemsalimia mwenzake, watu waliopokezana chumvi dirishani miaka nenda rudi.

"Mzazi wa rufaa na binti yake, ingieni," karani akaita.

Mama wa Miwani aliuacha mlango wazi kwa ajili ya joto. Kila kilichosemwa ndani kilisikika nje, na kila aliyekaa nje alionekana.

"Mzee wangu," alisema kwa upole, "mimi nikiingia nyumba za watu, hata kuku hufichwa. Wewe ulinitolea friji. Binti yako anasema vitu vile mliazima kwa ajili ya heshima. Nataka kumwamini. Mwenye vitu yuko wapi?"

Fundi akafungua mikono, akaifumba.

"Ni nani? Nitajie tu jina na mlango wake, nitatuma mtu sasa hivi. Ikiwa kweli, binti anapata."

Kutoka pale alipokaa Fundi aliliona lile bango. Alimwona Mke wa Dereva ambaye karatasi aliyokuwa akijipepea nayo ilikuwa imesimama hewani. Alimwona yule kijana. Kijana aliinua kichwa akamtazama moja kwa moja, hakuomba, hakukonyeza, macho yamejaa maji tu.

"Ni vya—" Profesa akaanza.

Fundi akamshika kiganja. "Ni vyangu," akasema.

"Baba!"

"Ni vyangu, mama. Sofa, friji, tivii. Vyote. Binti alisema vile kwa uchungu wa kukosa."

Mama wa Miwani akavua miwani. "Mzee, nikiliandika hili silifuti. Una uhakika?"

"Andika."

Akaandika, akamsomea, na Fundi akatia saini kwa mkono wake mkubwa wenye rangi kwenye kucha. Nje, Mke wa Dereva akakohoa, basi.

*

Barabarani Profesa alitembea mbele, haraka, baba yake nyuma anamfuata kwa nusu mbio.

"Profesa. Subiri. Mwanangu!"

Akageuka. Watu waliokuwa wanapita wakageuka pia. "Kwa nini? Niambie kwa nini!"

"Uliliona lile bango? Ningelitaja jina, wangefungwa, yeye na mwanawe. Mimi nimtie pingu mtoto wa jirani? Nimemwona akikua yule."

"Na mimi, Baba? Mimi hukuniona nikikua?"

Fundi alisimama katikati ya njia. Aliyekuwa anajua kuchanganya rangi yoyote unayoitaja alikosa hata neno moja la kumpa mwanawe. Wakaenda mpaka nyumbani, binti mbele, baba nyuma.

Mama Profesa alikuwa karoni. Aliwasikiliza wote wawili bila kuacha kukamua shuka. Profesa alisimulia huku akilia, Fundi akaongeza pale mtoto alipokwama, tena hakujitetea. Waliposema neno "mjane" shuka lilimponyoka likaanguka kwenye udongo.

"Mjane?" akasema. "Wa nani? Wa huyu huyu Dereva?"

"Wa huyu huyu."

"Aliyekula kwangu Jumapili? Marehemu alikula akaongeza?"

Hakuna aliyecheka. Mama akaliokota shuka, akalisuuza upya, akaliangalia kama madoa yametoka.

"Na wewe baba Profesa ulisema vitu ni vyako."

"Nilisema." Fundi aliinamisha kichwa akisubiri kufokewa.

"Ukatia saini?"

"Nikatia."

"Mbele yake? Alisikia?"

"Alisikia kila neno."

"Akasema nini?"

"Alikohoa."

Mama Profesa akaitikia kwa kichwa. Akaanika shuka, akalibana kibanio huku na huku, akasema, "Haya, kaleni. Chakula kipo jikoni."

*

Asubuhi Mama Profesa alikuja na mnunuzi wa vitu vikuukuu, mtu mnene mwenye mkokoteni na vijana wawili wa kusukuma. Mnunuzi akaigonga sofa mikono, akabonyeza mto.

"Sofa hizi zimekaliwa na watu wazito."

"Zimekaliwa na watu wa ofisi," Mama Profesa akasema. "Ongeza bei."

"Mama!" Profesa aliingia kutoka uani mswaki mdomoni. "Mama, unafanya nini?"

"Nauza vitu vya baba yako."

"Mama, huo ni wizi!"

"Wizi wa mali ya nani? Mwenye mali ametia saini ofisini, mashahidi wapo. Fundi! Toa mlango, sofa haipiti."

Fundi alisimama na bisibisi mkononi, anamtazama mkewe kana kwamba ndiyo kwanza anatambulishwa kwake. Mwanamke huyu alikuwa hajawahi kula pipi ya mtu bila kuomba. Aliangalia sofa, akaangalia mwanawe, akaona jana yote upya, na macho yale ya barabarani. Akaenda kung'oa mlango.

Friji lilikuwa tayari juu ya mkokoteni wakati mlango wa pili ulipofunguka kwa kishindo.

"We! We! Mnapeleka wapi vitu vyangu? Jamani, viti vyangu hivyo!"

Madirisha yakafunguka. Wapangaji wakatoka na taulo, na vikombe, na watoto mgongoni. Mama Profesa hakupandisha sauti hata kidogo.

"Umesemaje, mwenzangu? Hawakusikia wote. Sema tena kwa nguvu. Sema sofa ni zako, friji ni lako, tivii ni yako. Kuna watu wengi hapa, na wengine wana simu. Sema basi, mtaa mzima usikie."

Mke wa Dereva akafungua kinywa. Aliutazama umati, akaitazama sofa iliyokuwa ikifutwa vumbi kila siku na mwanawe, akalitazama friji limefungwa kamba kama mbuzi. Jana yake tu alikuwa ametia saini kwamba ni mjane asiye na kitu. Akakifumba.

Mnunuzi akasitasita. "Samahani, hivi vitu ni vya nani hasa? Mimi sitaki kesi."

Watu wote wakamtazama Mke wa Dereva.

"Ni vya... ni vyao," akasema.

Noti zikahesabiwa. Mama Profesa akazikunja akamwekea binti yake mkononi, akamfumba vidole kimoja kimoja. Zilitosha ile sehemu ya kwanza ya ada, na kikabaki cha nauli. Profesa hakujua kama anafurahi au anaogopa, wala kama mama aliye mbele yake ndiye yule wa jana.

Mkokoteni ulipoanza kuondoka, Mke wa Dereva alimsogelea Mama Profesa, sauti sasa ni ya chini kabisa, mikono inapapasa lile gauni jeusi la jana.

"Mwenzangu, nakusihi. Mume wangu anarudi Jumamosi. Anajua vitu viko kwenu vinangoja sakafu. Akikuta havipo, nitamwambia nini? Atakaa juu ya nini?"

"Marehemu?" Mama Profesa akamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu jana macho yake yalijaa machozi. "Ufadhili wa mwanao ukiingia utanunua vingine. Na Jumamosi marehemu akifika, mlete kwetu. Tutamtandikia mkeka. Mkeka ule ni wetu, hatukuuazima."

Akaingia ndani, na Fundi akaanza kuurudisha mlango kwenye bawaba zake.